Bei ya Mfiwa

Skripti yangu, yaani maagizo niliyoiandikia kompyuta, ilikuwa na mistari michache tu, na kwa muda mrefu sikuwa na hakika ni mstari upi unafanya nini. Nilijua inaanzia wapi na inaishia wapi. Inafungua faili la bei, inasoma safu moja moja, inachukua jina la bidhaa, soko, kipimo na bei, inavipachika kwenye nafasi zilizoachwa wazi katika ukurasa ambao mwalimu aliuita kiolezo, kisha inahifadhi ukurasa mpya. Maharagwe ukurasa wao, simsim ukurasa wake, karanga, unga wa muhogo, samaki mkavu. Ukiiamuru iende, kurasa zote zinatokea kabla hujapepesa macho. Mara ya kwanza nilipoona hivyo nilifunga kompyuta, nikaifungua tena, nihakikishe kwamba bado zipo.

Nilijifunza Arua, katika chumba kilicho juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Mafunzo yalikuwa ya chama cha wakulima kilichotaka bei za masoko zionekane kwenye simu, ili mtu wa Lobule au Dranya aliyevuna simsim ajue Koboko, mji wetu wa mpakani, wanauzaje na Arua wanauzaje, kabla mlanguzi mwenye baiskeli hajafika uani kwake na kumwambia anachotaka. Mwalimu alikuwa msichana wa mjini, mdogo kwangu kwa umri, mwenye sauti ya chini. Wenzangu karibu wote walikuwa wamemaliza sekondari. Mimi niliishia kidato cha pili na sikulificha jambo hilo. Siku kurasa zangu za kwanza zilipofunguka, karanga za Koboko zilikuwa zinauzwa shilingi sita. Nilikuwa nimeandika elfu sita kama tunavyoandika dukani, na koma katikati, wakati skripti inatumia koma hiyohiyo kutenganisha sehemu za safu. Ikaikata bei vipande viwili.

"Mama, kimbia nunua gunia yote," kijana mmoja aliniambia, "kabla Koboko hawajaamka."

Darasa zima lilicheka, na mimi nilicheka nao.

Bei zenyewe alikuwa ananiletea mume wangu. Alikuwa na pikapu, akibeba mizigo ya wafanyabiashara kati ya Arua na Koboko. Jioni, akinawa miguu uani, alinitajia: simsim wameuza hivi, maharagwe yameshuka, samaki hakuna. Hakumuuliza mtu. Alikuwa anapakia magunia huku watu wakilipana mbele yake, naye anasikia. Mimi niliandika aliyosikia, skripti ikatengeneza kurasa, nikazituma Arua. Sikuwahi kufikiri kwamba katika kazi ile sehemu ngumu ilikuwa yake.

Alifariki Arua, hospitalini, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Sitaandika zaidi ya hapo kwa sababu sijui namna ya kuyaandika. Walimleta nyumbani kwa pikapu yake mwenyewe, ikiendeshwa na mtu mwingine.

Nikaingia eda. Wifi yangu, dada yake mkubwa, alikuja kutoka Midia kukaa nami. Alifagia, alipika, alipokea wageni, na alihakikisha sitoki nje ya ua. Ni mwanamke wa maneno makavu lakini hakunionea hata siku moja. Alikuja pia na uamuzi wa ukoo: eda ikiisha, nihamie Midia kwa shemeji, walikuwa wameshanitengea chumba. Nyumba ya Koboko ilikuwa ya kupanga, hatukujaliwa mtoto, na kwao lilikuwa jambo lililokwisha. Sikuwachukia. Lakini nilitaka kubaki katika nyumba ile ambayo kila kitu ndani yake kilikuwa mahali alipokiweka yeye, na njia pekee ya kuilipia ilikuwa zile kurasa. Chama kilikuwa kimenipa soko la Koboko kwa majaribio. Nikifanya vizuri, kazi ni yangu. Nikishindwa, wanampa mtu mwingine wa Arua, na mimi naenda Midia.

Mwalimu alinipa muda wa kulia. Kisha akapiga simu.

"Mama, pole sana. Siwezi kukuficha. Koboko iko tupu tangu msiba. Wakubwa wa chama wanataka kuona kurasa kabla ya siku ya soko."

"Nitazileta," nilimwambia.

Wifi alikuwa anachambua mchele mlangoni. Hakuinua kichwa. "Utaleta kutoka wapi? Wewe unatoka hapa unaenda soko?"

"Nitapiga simu."

"Mwanamke wa eda anapigia wanaume simu."

"Ni kazi, wifi. Nitauliza bei tu."

Alitoa kijiwe kwenye mchele akakitupa. "Weka sauti kubwa nisikie," alisema.

Basi nilipiga nikiwa nimekaa kwenye mkeka, simu imelazwa sakafuni kati yetu. Kwanza nilimpigia mzee wa simsim, ambaye mume wangu alimbebea mzigo kwa miaka mingi. Aliniuliza nimelalaje. Aliniuliza kama ninakula. Alimwombea marehemu, nikaitikia amina, wifi naye akaitikia. Ndipo nikamwomba bei ya leo kwa ajili ya kompyuta, kama marehemu alivyokuwa akiniletea.

"Ndiyo, mama, ndiyo," alisema upesi, akanitajia.

Mama wa maharagwe alikuwa Mkristo wa Lobule aliyepanga karibu na soko. Alilia kwenye simu mpaka ikabidi mimi ndiye nimtulize. Kisha akataja bei ya beseni, akaongeza kwamba kama sina mtu wa kulibeba, yeye mwenyewe atalileta. Nilimshukuru, nikasema sihitaji maharagwe, nahitaji bei. Akasema, "Najua, mama. Pole." Wa karanga, wa unga, wa samaki, wote walikuwa hivyohivyo. Nilipomaliza nilikuwa nimechoka kama mtu aliyerudi makaburini. Lakini faili lilikuwa limejaa.

Skripti iligoma. Ilitoa maneno mekundu ambayo sikuyaelewa, ikataja nambari ya mstari, na mstari huo haukuwa na kosa lolote nililoliona. Betri ya sola ilikuwa inaelekea kwisha na mawingu yalikuwa yametanda. Nilisoma mstari ule kwa kidole, herufi kwa herufi. Kosa lilikuwa katika mstari wa juu yake, ambapo sikuwa nimefunga mabano. Nikafunga. Kurasa zikatoka, nzuri, zimejipanga, na juu ya kila moja imeandikwa Koboko. Nikazituma. Mwalimu akajibu kwa neno moja: "Safi." Usiku huo nililala usingizi wa kweli, wa kwanza tangu msiba.

Siku ya soko, asubuhi, nikiwa ndani, nilisikia watu wanaingia uani bila kupiga hodi. Wifi alitoka. Nilitambua sauti ya mzee wa simsim, na sauti ya mama wa maharagwe ikiwa juu yake.

"Mama wa kompyuta iko ndani?" mzee aliuliza.

"Iko ndani, na haitoki," wifi alijibu. "Unajua iko eda. Sema kutoka hapo."

Nilisogea nyuma ya pazia la mlango. Niliona viatu vyao tu.

"Niko hapa, mzee. Shikamoo."

"Marahaba." Alikuwa anahema. "Mama, mimi naheshimu wewe. Naheshimu marehemu. Lakini leo watu ya mpaka wanakuja kununua kwa duka yangu na simu mkononi. Wanasema, bei iko hapa, andikwa. Mimi nasema hapana, hii si bei yangu. Wanasema, jina ya soko si Koboko? Wananiita mwizi mbele ya watu. Nani anaambia wewe hiyo bei?"

"Wewe, mzee."

"Mimi!" Viatu vilirudi nyuma hatua moja. "Mimi naambia wewe! Mimi hapana ambia dunia!"

Sikuelewa. Mama wa maharagwe ndiye aliyenieleza, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba ya kiatu.

"Mama, sikia. Arobaini ya mzee yako iko karibu. Kila mutu Koboko anajua. Mwanamke yuko na msiba, anapiga simu, anauliza maharagwe iko ngapi. Sasa mimi nitasema bei ya soko? Mimi ni mnyama? Mimi nasema bei ya msiba. Hata faida hakuna ndani."

"Nilisema ni ya kompyuta."

"Ndiyo, ulisema. Mimi nafikiri ni haya. Mutu anaona haya kuomba, anasema kompyuta."

Wifi alicheka, kicheko kifupi kilichomtoka bila kutaka. "Na hii moja," alisema, akimaanisha mimi, "haya anayo, lakini uongo hawezi. Kama anasema kompyuta, ni kompyuta."

"Basi mimi nitaambia watu ya mpaka hivyo?" mzee alisema. "Mimi nimeuza gunia kwa hiyo bei. Nitafanya nini? Nisimame katikati ya soko niseme nilipunguzia mjane? Watasema natangaza sadaka yangu."

Simu ililia. Alikuwa mwalimu, na sauti yake ya chini ilikuwa imeondoka.

"Mama, bei za Koboko zimetoka wapi? Tumepigiwa kutoka Lobule na Dranya. Walanguzi wanazunguka na kurasa zetu. Wanamwonyesha mkulima, wanamwambia, tazama, chama yako yenyewe inasema Koboko imeanguka, uza hapa hapa. Kuna waliokwisha kuuza."

Nilikaa chini. Hadi wakati huo nilikuwa nafikiria nyumba tu. Sasa nilimwona mwanamke wa Dranya, nisiyemjua, akimimina simsim yake kwenye gunia la mtu wa baiskeli kwa sababu ya ukurasa nilioutengeneza mimi.

Nilimwambia mwalimu ukweli wote, kama nilivyoambiwa mlangoni.

"Wakubwa wanakutana saa tisa," alisema. "Wanataka kuifunga Koboko na kumpa mtu wa hapa. Sikiliza, fanya hivi. Usipige simu tena, hakuna muda. Kwenye skripti ongeza mstari mmoja, kila bei izidishwe kidogo kabla ya kuandikwa. Unajua kuzidisha. Tuma, itakuwa karibu na ukweli, wiki ijayo tutarekebisha."

Niliuandika mstari ule. Ulikuwa mfupi, na mara hii skripti ilinikubalia bila maneno mekundu. Nilifungua ukurasa wa simsim, bei ilikuwa imepanda. Wa maharagwe, imepanda. Zilionekana kama bei za kweli. Nilizitazama nikajiuliza mzee wa simsim alinipunguzia kiasi gani, na mama wa maharagwe kiasi gani, na wa samaki, ambaye hakuwa mtu wa huruma sana, kama alinipunguzia chochote. Sikujua. Na kama sikujua, basi namba zile nilikuwa nimezitunga mimi, chini ya jina la soko. Nikaufuta mstari.

"Wamekuambia nini?" wifi aliuliza. Mzee na mama wa maharagwe walikuwa bado uani.

Nikamweleza. Alisikiliza akiwa amesimama, mkono kiunoni.

"Acha," alisema, na hakusema kwa ubaya. "Umejaribu. Midia kuna watu. Hakuna anayekupigia kelele mlangoni."

"Bado saa tisa haijafika," nilisema.

Nikarudi kwenye pazia. "Mzee," nilisema, "naomba uniambie bei ya simsim. Niambie kama mtu usiyemjua."

"Lakini mimi najua wewe."

"Jifanye hunijui."

"Namna gani? Mimi nilishika jeneza. Sasa nije niseme kwa wewe kama kwa mutu ya barabara? Hapana, mama. Hiyo ni aibu."

"Aibu ni kule Lobule," nilisema. Sikuwa nimezoea kusema hivyo na mtu mzima. "Mtu anauza kwa bei ya msiba wangu. Hakufiwa yeye. Na marehemu alikuwa analeta bei za watu wote, si bei zake. Tafadhali, mzee."

Nilisikia kuku wakiparua. Kisha mzee akataja bei, haraka, akitazama pembeni nadhani, kwa sababu sauti haikuja moja kwa moja mlangoni. Ilikuwa juu sana kuliko ile ya kwanza, juu hata kuliko nilivyokuwa nimezidisha. Nikaelewa ni kiasi gani alikuwa amenipa.

"Asante," nilisema.

"Usiniambie asante," alijibu. "Nitasema hivyo kila wiki?"

"Kila wiki."

Alisafisha koo, akaniombea heri, akaondoka.

Mama wa maharagwe alikataa katakata. Alikaa kwenye kizingiti, mgongo kwenye pazia, karibu kiasi kwamba ningeweza kumgusa.

"Mimi siwezi. Nipige, siwezi. Mwaka ile barabara ilikatika, mzee yako alibeba maharagwe yangu, akazunguka mbali, hakuongeza kitu. Sasa nikuambie wewe bei ya mgeni? Ulimi yangu haiendi."

Wakati ulikuwa unakwenda. Betri ilikuwa imebaki kidogo. Nilikuwa nafikiria kutuma kurasa bila maharagwe, wifi alipoinua karai lake la mchele akaliweka pembeni, akajifunga leso vizuri, akaenda akasimama mbele ya yule mama katikati ya ua.

"Wewe, mama," alisema kwa sauti ya sokoni. "Mimi natoka Midia. Mimi hapana jua wewe, wewe hapana jua mimi. Beseni ya maharagwe ngapi?"

Mama wa maharagwe alimtazama. Kisha nikasikia kicheko ndani ya pua yake, na akataja bei.

"Eh! Maharagwe au dhahabu? Iko na mawe ndani?"

"Mawe iko kichwani yako. Hiyo ni ya mwisho."

"Punguza."

"Nenda Arua kama unataka kupunguziwa. Huko wanasawazisha beseni na mti, hapa mimi najaza mpaka inamwagika."

"Hiyo ndiyo ya mwisho?"

"Mwisho! Na leo nimeamka vizuri."

Wifi aligeuka kuelekea pazia. "Andika," alisema.

Niliandika. Wa karanga, wa unga na wa samaki niliwapigia, na kila mmoja nilimwambia maneno yaleyale kabla hajaanza kunipa pole: niambie kama mtu usiyemjua. Mmoja alikasirika. Mwingine aliniuliza kama nina homa. Wa samaki alirudia bei ileile aliyonipa mara ya kwanza, bila kuongeza hata kidogo, na nikafurahi kwamba nilikuwa nimeufuta ule mstari. Skripti ilikwenda. Kurasa zilitoka. Niliongeza maneno matatu kwenye kiolezo, chini ya jina la soko, ili yaonekane katika kila ukurasa: bei ya mgeni. Nikatuma, na kompyuta ikazima muda mfupi baadaye, betri imekwisha, sijui kama zimefika.

Tulisubiri. Wifi alisali laasiri, nami nikasali nyuma yake. Simu ilipolia niliiacha ilie kidogo kwa sababu niliogopa kuipokea.

"Zimefika," mwalimu alisema. "Niliwasomea kila kitu ulichoniambia. Mmoja aliuliza kwa nini hukuzidisha tu. Nikamwambia mimi ndiye niliyekuambia uzidishe na hukutaka. Koboko inabaki kwako, mama."

Wale waliouza Lobule na Dranya asubuhi ile hawakurudishiwa kitu. Hilo siwezi kulirekebisha, na sitaki msomaji adhani lilirekebishwa.

Wifi hakusema lolote kuhusu Midia siku ile, wala iliyofuata. Arobaini ilifika, tukasoma hitima. Mama wa Lobule alileta maharagwe mwenyewe, beseni limejaa hadi juu, na hakutaka hata kusikia habari ya bei. Eda ilikuwa inaendelea na mimi nilikuwa bado ndani, siku ya soko nyingine ilipokaribia. Nikalaza simu kwenye mkeka nikampigia mzee wa simsim kwanza.

Alipokea mara moja. Hakuniuliza nimelalaje. Hakumtaja marehemu. Alitaja bei kwa sauti niliyokuwa nikiisikia kwa mbali zamani, nilipopita karibu na duka lake akizungumza na watu wa mpaka, sauti iliyonyooka, isiyo na mtu ndani yake.

"Umesikia?"

"Nimesikia, mzee."

Akakata.

"Amesema nini?" wifi aliuliza.

"Bei."

"Basi?"

"Basi."

Nilikuwa nimemwomba hivyo mwenyewe. Nilikaa kidogo mpaka kioo cha simu kikazima, kisha nikaiandika bei kwenye safu yake na kumpigia anayefuata.